Kipande cha Nne Kiko kwa Nani?

Mwaka 2017 nilihamishiwa shule ya sekondari ya kata wilayani Muheza, nikapangiwa Kiswahili kidato cha pili. Wanafunzi wale ndio waliokuwa wa kwanza kuingia sekondari bila kulipa ada, Januari 2016, na wingi wao ulionekana tangu mlangoni. Mkondo B peke yake ulikuwa na wanafunzi 71. Meza mbili zinasogezwa pamoja, wanakaa watano, na wa pembeni anaandikia magotini.

Kipindi cha kwanza nilikiendesha kama nilivyofundishwa mimi. Fungueni ukurasa fulani, mmoja asimame asome kwa sauti, wengine mfuatilie, kisha maswali ya ufahamu. Nikamwita kijana mmoja mrefu wa viti vya nyuma. Baadaye nilijua kwamba alikuwa kipa wa timu ya shule, na hapa nitamwita Kipa. Akasimama. Akakishika kitabu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi iliyojaa pomoni, akanyamaza. Nikasubiri. Nyuma wakaanza kuguna. Nikamwambia, "Soma, baba, tunakusikiliza." Akasema, "Madam, macho yananiuma." Darasa zima likaangua kicheko.

Nilidhani ananifanyia ukaidi. Nikamwacha amesimama hadi kengele ilipolia. Kwa wiki mbili zilizofuata, kila siku yenye kipindi cha Kiswahili, Kipa hakuonekana shuleni.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila nilichojifunza baadaye kuhusu vijana wasiopenda kusoma kinatokea hapo. Walimu wenzangu ofisini walikuwa na maelezo yao: watoto wa siku hizi wavivu, simu zimewaharibu, mpira umewaharibu, nyumbani hakuna kitabu. Simu zenyewe zilikuwa marufuku shuleni, na wengi wa wanafunzi wangu hata hawakuwa nazo. Nami niliyakubali maelezo hayo mpaka Jumamosi moja nilipokwenda stendi ya Muheza kununua sukari.

Pale stendi palikuwa na kibanda cha magazeti. Muuzaji huyatundika kwa vibanio kwenye kamba, na kama ilivyo kila mji wa Tanzania, wanaosoma bure ni wengi kuliko wanaonunua. Kati yao alikuwapo Kipa, mkono mmoja nyuma, kidole cha mkono wa pili kikitambaa chini ya mistari ya gazeti la michezo bila kuligusa. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akisoma habari ya Simba na Yanga, neno baada ya neno, na akifika kwenye neno refu anarudi nyuma analishika upya. Nilisimama nyuma yake muda mrefu, na habari ile moja ilimchukua karibu dakika kumi. Watu walikuja wakasoma vichwa vya habari wakaondoka, yeye yupo palepale. Alipogeuka akaniona, alishtuka kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi mkononi. "Shikamoo madam." Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza mechi ni lini. Akanijibu siku, saa na uwanja.

Kumbe mtoto anasoma! Anasoma polepole, kwa jasho, na anasoma kwa hiari yake mwenyewe akiwa amesimama juani. Alichokikataa darasani ni kuumbuliwa mbele ya watu sabini.

Jumatatu nikaingia mkondo B nikatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kusoma kwa sauti. Anayetaka atanyoosha mkono, na asiyetaka hataulizwa kwa nini. Nilisema pia kwamba nitasoma mimi. Kipa alikuwepo siku ile. Sikumtazama.

Nyumbani nilikuwa na riwaya moja ya upelelezi ya Elvis Musiba, zile za Willy Gamba, niliyoirithi kwa marehemu baba. Jalada lilikwisha kutoka, na ukurasa wa kwanza una jina la baba kwa wino wa bluu na mwaka 1979. Riwaya hizi ziliandikiwa watu wazima, kwa hiyo niliisoma yote upya kwa siku mbili kabla ya kuipeleka darasani, nikaweka alama sehemu chache ambazo sikuona sawa kuwasomea watoto wa miaka 14 na 15. Kisha kila kipindi cha dakika themanini nikawa natoa dakika kumi za mwanzo kwa ajili ya hadithi tu. Bila maswali. Bila "neno hili lina maana gani?" Bila kuandika chochote.

Mwalimu mmoja aliyepita dirishani alinishauri kwa nia njema kwamba kuwasomea hadithi ni mambo ya darasa la kwanza. Mimi naona alikosea, na hapa nitakaa kidogo, maana walimu wengi hufikiri hivyohivyo. Mtoto anayesoma kwa kushikilia silabi moja moja hajawahi kuisikia sentensi ndefu ikitembea. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake ameshausahau. Kwake kitabu ni rundo la maneno yasiyo na sauti. Anapomsikia mtu mzima akisoma vizuri, ndipo anasikia kwamba kumbe haya mazungumzo yanagombana, kumbe hapa mtu anatania, kumbe nukta hii inasimamisha moyo. Hiyo sauti atakwenda nayo siku atakapofungua kitabu peke yake. Sijaona njia nyingine ya kumpa.

Lakini lazima ujiandae. Usiku nilikuwa nasoma kurasa za kesho kwa sauti jikoni, huku ugali unaiva, natafuta mahali pa kukatia. Mahali pa kukatia ndipo penye kazi. Ukikata mwisho wa sura, umewapa ruhusa ya kusahau. Mimi nilikata pale mlango unapogongwa na aliye ndani hajui ni nani. Nikafunga kitabu, nikageukia ubao, nikaandika: Uambishaji na Mnyambuliko. Wakalalamika, tena kwa sauti. Wiki ya pili wakawa wananifuata ofisini, "Madam, yule alifungua?" Wiki ya tatu msichana mmoja akaniomba kitabu aende nacho nyumbani.

Hapo nikakwama. Kitabu kimoja, wanafunzi 71. Nikimpa huyu, wengine watakingoja hadi Disemba. Katika kabati la stoo kulikuwa na vitabu vya ziada, vingine havijafunguliwa hata nailoni, lakini mwenye ufunguo alikuwa amesaini kuvipokea na alihofia vikipotea atalipa yeye. Simlaumu sana. Ila ni huzuni kubwa kuona watoto wanahangaika kwa kukosa cha kusoma, na ukuta mmoja tu unawatenga na vitabu vilivyowekwa ili visipotee.

Nilikaa na kitabu cha baba mezani jioni nzima. Kisha nikachukua wembe, nikakipasua uti wa mgongo.

Nilikigawa vipande kumi. Kurasa zile nilizoziwekea alama nikaziacha nje. Kila kipande nikakishona kwa sindano na uzi wa kudarizi, mishono mitatu, nikakitengenezea jalada la karatasi ya mfuko wa saruji niliyoikung'uta na kuifuta vumbi, nikaandika namba kwa makapeni. Ukurasa wenye jina la baba ulibaki kwenye kipande cha kwanza. Mkono ulikuwa mzito, sisemi uongo. Lakini kitabu kilichokaa kwenye begi miaka na miaka kilikuwa na msomaji mmoja, na sasa kingeweza kuwa na kumi kwa wakati mmoja.

Sharti lilikuwa moja: hupewi cha pili mpaka urudishe cha kwanza mkononi mwangu. Nikabandika ukutani karatasi yenye namba za vipande na majina ya waliovishika. Ndani ya wiki mbili sauti niliyokuwa naisikia korido nzima ilikuwa hii: "Kipande cha nne kiko kwa nani?" Mtu anajibiwa kwamba kiko kwa fulani wa mkondo A, na fulani hajaja leo, anaumwa. Wakatumana nyumbani kwake. Sijui mgonjwa alipona kwa dawa au kwa kelele, ila kipande kilirudi siku ileile.

Wazee wetu waliozisubiri hadithi za magazetini zenye neno "itaendelea" wanaijua hali hii. Kungoja kunaipa hadithi utamu. Kingine nilichokiona ni kwamba kipande chembamba hakitishi. Kijana anayeogopa kitabu kinene alikuwa anapewa karatasi chache zenye jalada la saruji, anazikunja mfukoni, na nyumbani hakuna anayejua kwamba ameanza kusoma riwaya. Akimaliza, amemaliza kitu. Kipa alikuja kuchukua kipande cha kwanza wiki ya nne, baada ya wenzake wote kuondoka. Alikaa nacho siku tisa. Sikumuuliza lolote alipokirudisha, nikampa cha pili.

Mzazi mmoja alikuja shuleni kuuliza kwa nini binti yake anasoma hadithi za majambazi badala ya masomo. Nilimkaribisha kiti, nikamsomea kurasa mbili. Akauliza mwenyewe nini kilitokea baadaye. Mkuu wa shule naye aliniita kuhusu uharibifu wa kitabu. Nilimweleza kwamba kitabu ni changu, akaniruhusu kuendelea, ila akaniomba nisipasue cha shule. Nimelishika neno lake hadi leo.

Si kila nilichojaribu kilifaulu. Nilianzisha daftari la kusoma, kila anayemaliza kipande aandike muhtasari wa nusu ukurasa. Ndani ya mwezi muhtasari mmoja ulikuwa umenakiliwa na watu kumi na wanane, makosa ya tahajia yakiwa yaleyale, na msichana mmoja msomaji mzuri akanirudishia kipande cha sita bila kukisoma. "Madam, nimechoka kuandika." Nikayaacha madaftari. Nilitoa pia zawadi ya kaunta buku na kalamu kwa anayesoma sana, wakashinda wasichana watatu waliokuwa wanasoma tangu zamani, na waliokuwa wameanza kujikongoja wakaona mbio si zao. Zawadi nazo nikaziacha.

Mashairi yalikuwa na mlima wake. Vijana wa pale, hasa wavulana, walikuwa wameamini kwamba shairi ni kitu cha kukariri: vina vya kati, vina vya mwisho, mizani nane kwa nane, dhamira tatu, ujumbe mitatu. Wanaandika majibu ya shairi ambalo hawajalisoma, kutoka kwenye vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mjini. Sasa Tanga ni pwani, na pwani kila nyumba ina maktaba ambayo hakuna aliyeiita hivyo. Nikawaambia: kesho kila mmoja aje na jina la kanga moja ya nyumbani kwao, alinakili kama lilivyo, hata herufi iliyofutika.

Wakaja na maneno zaidi ya hamsini. Nikayaandika ubaoni. Nikaanza na "Japo sipati tamaa sikati." Nani anamwambia nani? Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa mvulana ambaye hajawahi kunijibu swali tangu mwaka uanze. Alisema ni mwanaume anamwambia mwanamke. Msichana akamkatalia: mwanaume gani anavaa kanga? Ni mwanamke, anamwambia mume wa mtu. Hapana, akasema mwingine, bibi yangu anayo hiyo na anaitandika kitandani, yeye anamwambia Mungu. Wakaanza kubishana. Binti mmoja akasimulia jinsi mama yake mdogo alivyonunua kanga dukani siku ya Ijumaa, akaivaa Jumamosi kupita mbele ya nyumba ya jirani waliyekosana, akaenda hadi kisimani na ndoo tupu, akarudi na ndoo tupu. Maji hayakuwa shida. Alikwenda kusomwa.

Niliacha waongee dakika ishirini kabla ya kuwaambia walichokuwa wanafanya. Wamemtafuta msemaji. Wamemtafuta anayesemwa. Wameuliza maneno yalisemwa wapi na lini. Wameona kwamba mstari mmoja unaweza kubeba maana tatu, kila moja ikatetewa. Hiyo ndiyo kazi yote ya kulisoma shairi, na walikuwa wameianza kabla hawajavaa sare za shule. Juma lililofuata nikaweka ubeti mmoja ubaoni, mishororo minne, sikusema neno. Kimya. Kisha sauti kutoka nyuma: "Madam, huyu anamsema nani?" Katika miaka yangu ya kufundisha ushairi sijaulizwa swali zuri kuliko lile.

Nilipopata vitabu vingine, vichache kutoka kwa marafiki, vichache vilivyochakaa kutoka kwa wauza vitabu vya mtumba, nilihitaji njia ya kuvitangaza. Mapendekezo ya mwalimu kwa kijana wa miaka 15 hayana nguvu. Nilimsifia kitabu mwanafunzi mmoja mpaka akakiona kama dawa. Nikakumbuka wapiga debe wa stendi. Kila Ijumaa wanafunzi wawili wanaotaka husimama na kitabu, kila mmoja ana dakika mbili za kukipigia debe mpaka "gari" lijae. Haruhusiwi kusema mwisho wake. Haruhusiwi kutamka maneno "dhamira" na "ujumbe". Akipenda anasoma aya moja.

Wengine walipiga debe kweli, "Tanga, Tanga, Tanga, gari inatoka!" na darasa likachangamka. Lakini aliyenifundisha kitu ni kijana mpole aliyesimama na kitabu akasema, "Hiki mwanzo wake umelala. Rukeni kurasa kumi za kwanza, anzieni pale mvulana anapotoroka." Moyo ulinidunda. Nilitaka kumsahihisha, kwamba kitabu husomwa tangu mwanzo. Nikajizuia. Watano waliandika majina yao kukiomba. Walimwamini kwa sababu alisema kasoro yake. Tangu hapo niliweka ruhusa rasmi: unaweza kuruka, unaweza kuacha kitabu ukishasoma kurasa ishirini, na hutaulizwa. Mimi mwenyewe nina vitabu nilivyoviacha katikati. Kwa nini mtoto afungwe nacho?

Nikaweka pia dakika kumi na tano za kusoma kimya, mwanzoni kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Ilishindikana, wakalala. Walikuwa na njaa, na saa nane mchana chini ya bati la Muheza hakuna kitabu kitakachomshinda mtu usingizi. Nikaomba kubadilishana kipindi na mwenzangu wa Jiografia, tukahamia asubuhi. Nami nilikuwa nasoma, nimekaa kwenye kiti, sisahihishi madaftari. Hilo la kusahihisha ni kishawishi kikubwa kwa mwalimu mwenye madaftari 140, lakini wakikuona unasahihisha wanajua kwamba kusoma ni kazi yao na wewe una kazi nyingine muhimu zaidi. Asiye na kitabu anachukua gazeti kwenye boksi. Yalikuwa magazeti ya michezo ya wiki iliyopita, kinyozi mmoja alikuwa akinihifadhia.

Nisiwasahau waliokuwa chini kabisa. Katika mkondo B niliwabaini sita ambao hawakuweza kusoma sentensi moja nzima. Walifika kidato cha pili kwa kunakili na kwa ukimya. Tena fikiria hali yao: wamemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, wameingia sekondari ambako karibu kila somo ni kwa Kiingereza, na lugha pekee ambayo wangeweza kujikwamulia hawaisomi. Walihitaji vitabu vya darasa la pili, vyenye picha na sentensi fupi. Lakini mpe mvulana mwenye ndevu kitabu cha sungura na fisi mbele ya wenzake, uone kama utamwona tena.

Ng'ambo ya uwanja wetu kuna shule ya msingi. Nikaenda kuzungumza na mwalimu wa darasa la kwanza, mama mmoja mtu mzima mwenye watoto zaidi ya mia. Nikamwambia nina vijana wa kuja kuwasomea watoto wake hadithi kila Jumatano mchana. Akanishika mkono. Nikawatangazia mkondo B kwamba natafuta wasomaji wa kuwasaidia wadogo zetu, nikachagua kumi na wawili: sita wale, na sita wanaosoma vizuri, ili asijulikane nani ni nani. Kipa nikamweka humo.

Sasa kitabu cha sungura na fisi kikawa na sababu ya kubebwa. Huwezi kumsomea mtoto bila kujiandaa, kwa hiyo siku mbili kabla tulikuwa tunakutana chini ya mwembe, kila mmoja anasoma kitabu chake mara nne, mara tano, anatafuta sauti ya fisi. Na hao sita nilikuwa nawachukua mmoja mmoja pembeni, nikirudi nao hadi kwenye silabi pale ilipobidi: nga, ngwa, mbwa, nywa. Walivumilia kwa sababu Jumatano kulikuwa na mtu anawangoja.

Jumatano ya kwanza nilisimama mlangoni mwa lile darasa. Kipa alikaa chini kwenye sakafu, miguu mirefu ameikunja, watoto kama kumi na tano wamemzunguka hadi mgongoni. Alisoma kwa kidole, vilevile kama pale stendi, kinatambaa chini ya mstari. Kasichana kamoja kalikokaa ubavuni pake nako kakaweka kidole chake kwenye karatasi, nyuma ya kidole chake, vikawa vinatembea pamoja. Kipa akikwama kwenye neno, kidole cha mtoto kinasimama. Akilipata, vyote viwili vinaendelea. Hakuna aliyecheka. Kwa watoto wale mtu asomaye polepole ndiye anayefaa, maana wanamfikia. Alipomaliza walimwambia arudie, akarudia.

Mwaka uliofuata, wakiwa kidato cha tatu, tulikwenda na baadhi yao maktaba ya mkoa mjini Tanga, kwa nauli tulizochangishana. Wengi walikuwa hawajawahi kuingia maktaba. Niliwasimulia habari za Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 pale Vibambani, karibu na Tanga, akawa karani wa forodha na huku anaandika. Kijana mmoja aliuliza mara mbili kama nina hakika ni Tanga hii yetu. Kwenye fikra zake waandishi walikuwa watu wa vitabuni, na vitabu vinatoka Dar es Salaam kwenye maboksi. Alikwenda kwenye rafu akasimama mbele ya lile jina muda mrefu.

Kidato cha tatu na cha nne vilikuja na riwaya na tamthiliya za mtihani, na mwalimu wa taaluma alinikumbusha mara kwa mara kwamba watoto wanahitaji nondo za kujibia maswali. Ana haki yake. Matokeo yakiwa mabaya anayeulizwa ni yeye. Nilikubaliana naye kwamba uchambuzi utafundishwa, ila baada ya kitabu kusomwa, na dakika kumi za kuwasomea hazitaguswa. Tulivutana. Dakika zikabaki kumi, mwezi mmoja zikawa tano.

Kipande cha sita kilipotea mwaka 2019. Aliyekuwa nacho alikiacha dirishani nyumbani kwao, masika yakanyesha usiku, asubuhi kikawa uji. Alikuja kuniambia huku analia, nami nilihisi kitu kikinibana koo kwa ajili ya kitabu cha baba. Lakini wanafunzi wapya wa kidato cha pili walikuwa wameshafika kipande cha tano na hawakutaka kusikia habari za mvua. Wakawafuata wakubwa wao wa kidato cha nne waliokwisha kukisoma. Wasichana wawili na Kipa wakakaa chini ya mwembe wakikumbushana: hapana, kwanza aliingia hotelini ndipo akapiga simu, hapana, simu ilikuwa kabla. Walikiandika upya kwa mkono kwenye karatasi za kaunta buku, zaidi ya karatasi kumi, mwandiko wa watu watatu. Kuna mahali hawakuafikiana, wakaandika njia zote mbili na kuweka mstari katikati.

Nilikishona kwa uzi uleule wa kudarizi na jalada la saruji kama vingine. Mistari ya Kipa unaitambua kwa herufi zake kubwa zilizosimama wima. Hiki ndicho kipande kinachochakaa upesi kuliko vyote kumi. Nimekwisha kukishona upya mara mbili, na muhula huu mishono ya juu imeanza tena kulegea.